Mwana Anapokalishwa Benchi



Mwana hutoka nyumbani Jumamosi asubuhi na jezi iliyopigwa pasi, akarudi adhuhuri na jezi ile ile, haina hata doa la jasho. Ukimuuliza, hujibu kwa mkato kwamba timu imeshinda. Naam, imeshinda, ila yeye hakuingia uwanjani. Hapo mama hupandwa na hamaki, akaitafuta nambari ya kocha, na aghalabu maneno yanayofuata hayamfai mtoto wala kocha.

Kabla ya simu hiyo, tuifahamu hesabu ya mchezo wenyewe. Mpira wa vikapu, kwa kanuni za shirikisho la kimataifa, FIBA, huchezwa kwa robo nne za dakika 10, na kila timu huwa na wachezaji watano uwanjani. Kwa hivyo kocha ana jumla ya dakika 200 za kugawa. Akiwa na watoto 12, mgawo sawa ni chini kidogo ya dakika 17 kwa kila mmoja. Yaani hata pakiwa na uadilifu kamili, kila mtoto atakaa nje zaidi ya nusu ya mchezo. Mama anayehesabu dakika za mwanawe peke yake hakosi kuona kwamba ameonewa.

Je, mgawo huo uwe sawa kweli? Kwa maoni yangu, jibu hufuata umri. Watoto wadogo wana mchezo wao maalumu, wenye kikapu cha mita 2.60 kutoka ardhini badala ya 3.05, na mpira mdogo. Umewekwa hivyo ili wajifunze na wafurahi. Kocha anayemkalisha mtoto wa miaka 10 mchezo mzima kwa tamaa ya kombe amesahau kazi aliyopewa. Kijana wa miaka 16 anayeshindania nafasi katika timu ya shule ni jambo jingine: hapo uwezo na bidii vina haki yao, na mzazi hana budi kustahimili.

Lililo zito zaidi ni pale benchi linapotumiwa kuwa adhabu. Mtoto ameketi, hajui kama amewekwa hapo kwa sababu hajaweza kulenga kikapu au kwa sababu Jumanne alichelewa mazoezini. La kwanza dawa yake ni mazoezi, la pili dawa yake ni kujirekebisha. Asiyejua lipi ni lipi hatibu hata moja, bali huondoka na yakini kwamba kocha hampendi.

Kuna kisa mashuhuri cha Ken Carter, kocha wa shule ya Richmond huko California, Marekani. Mwaka 1999, timu yake ikiwa haijafungwa hata mara moja, aliufunga ukumbi wa mazoezi kwa kufuli kwa kuwa baadhi ya wachezaji walikuwa nyuma katika masomo, akawapeleka wote maktaba. Wazazi walikasirika. Lakini Carter hakuzua adhabu ile siku hiyo: vijana walikuwa wametia saini mkataba tangu mwanzo, wenye masharti ya alama za darasani, kuketi viti vya mbele na kuvaa tai siku ya mechi. Katika hilo la mkataba namuunga mkono kwa moyo mmoja. Kuwaadhibu waliofaulu pamoja na walioanguka, hilo sikubaliani nalo, hata kama filamu yake imetutoa machozi.

Kisha kuna mtihani wa mchezaji nyota. John Wooden, aliyeiongoza UCLA kutwaa mataji 10 ya vyuo vikuu baina ya 1964 na 1975, alikuwa na kanuni ya nywele fupi. Bill Walton, aliyekuwa tegemeo la timu, aliwahi kuja na nywele ndefu akidai ni haki yake. Wooden alimjibu kwa upole kwamba anauheshimu msimamo wake, na kwamba timu itamkumbuka. Walton alikwenda mbio kwa kinyozi. Kanuni ya nywele waweza kuipenda au kuichukia. Waliokaa benchi waliona kwamba inamgusa hata aliye bora kuliko wao.

Benchi ni adhabu halali. Kiboko na matusi si halali: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumtendea mwanafunzi ukatili, wa mwili au wa nafsi. Kumkimbiza mtoto aliyefunga, alasiri ya Ramadhani, kwa kuwa alikosea pasi, sioni vipi kutaitwa adabu.

Nasi tuna wajibu wetu. Mtoto anayekosa mazoezi kila Jumamosi kwa sababu ya chuo, kocha atamhesabu mtoro asipoambiwa. Mwambie mwanzoni mwa msimu, si baada ya mechi: siku za madrasa ni hizi, katika mwezi wa Ramadhani atafika baada ya futari au hatafika. Kocha mwenye busara atakueleza papo hapo kama dakika zake zitapungua, nawe utaamua ukijua. Binti naye asiachwe nje kwa ajili ya mtandio. Kanuni za FIBA zimeruhusu vazi la kichwa tangu Oktoba 2017.

Jambo la mwisho ni la nyumbani kwetu. Mtoto akivunja sahani au akijibu vibaya, twaharakisha kusema, “Leo huendi mazoezini.” Wenzake wanne wanamngoja uwanjani, na Jumamosi kocha atamkalisha kwa kutohudhuria, nasi tutaitafuta ile nambari. Mpe kazi ya kufagia ua, au umnyime simu jioni hiyo, kisha mwache aende.