Kiti cha magurudumu si mzigo

Mhariri,

Nimechoshwa na baadhi ya makondakta wa matatu za Marani hadi mjini Kisii wanaowatoza abiria wenye ulemavu nauli ya viti vyao vya magurudumu.

Binamu yangu, anayetumia kiti cha magurudumu, ni fundi wa nguo. Siku moja ya soko alikuwa akienda mjini kununua vitambaa. Matatu ya kwanza ilipunguza mwendo, dereva akaona kiti, akakanyaga mafuta. Iliyofuata ilisimama, lakini kondakta akataka alipie kiti kama mkungu wa ndizi. Alipolalamika akaambiwa apande bodaboda. Bodaboda, kwenye miteremko hii yetu na tope la mvua, kwa mtu ambaye miguu yake haina nguvu! Alilipa, kwa kuwa wateja walikuwa wakimngoja.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya kufikia usafiri wa umma. Sisi wengine hatulipii miguu yetu.

Naiomba Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ikomeshe tabia hii. Nao wasimamizi wa sacco za barabara hii watujibu kupitia gazeti hili: nani aliidhinisha malipo hayo?

Msomaji,
Marani, Kaunti ya Kisii