Tulichangia Moyo, Tukasahau Figo

Ndugu zangu, mwaka jana nilikuwa mweka hazina wa mchango mmoja hapa Kisauni. Mzee wetu, baba ya rafiki yangu, alikuwa anaenda India kubadilishiwa vali ya moyo. Tulikaa barazani tukapiga hesabu: tiketi mbili, viza, hospitali, chumba, chakula cha anayemuuguza. Bango likatengenezwa, nambari ya M-Pesa ikasambazwa, watu wakatoa. Mzee akaenda, akapasuliwa, akarudi anatembea. Tukapiga picha, tukasema alhamdulillahi, na grupu ya WhatsApp ikafungwa.

Miezi miwili baadaye magoti yakaanza kumuuma. Akatuma mtoto duka la dawa, akauziwa diklofenaki. Wiki haikuisha, miguu imefura na mkojo umekuwa haba. Hospitali ya umma tuliyokimbilia ilisema dawa za kupimia figo zimeisha maabara. Tukaenda kulipia kwengine. Daktari akauliza swali moja tu: alipotoka India, kreatinini yake ilikuwa ngapi? Sote kimya. Kwenye faili kulikuwa na picha za moyo, na risiti.

Alikaa kwa mashine ya kusafisha damu wiki tatu. Figo zikarudi. Lakini tulikuwa tumeshaanza mchango wa pili, na watu walikuwa wanatuuliza, eti si tulishamaliza?

Hatukuwa tumemaliza, na hilo ndilo kosa letu sisi wa kamati. Tunachangia upasuaji kana kwamba ndio mwisho wa ugonjwa.

Figo mbili hazifiki hata asilimia 1 ya uzito wa mwili, lakini karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo inapita huko. Moyo ukichoka, figo ndizo za kwanza kuhisi njaa. Kwa hivyo mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji figo zake zikiwa tayari zimenyanyasika. Halafu moyo unasimamishwa, mashine inafanya kazi yake kwa masaa, presha inashuka na kupanda, anaongezewa damu. Yote hayo figo zinayalipia.

Mzee wetu alibadilishiwa vali tu. Aliyepandikizwa moyo mzima ana mzigo zaidi ya huo, kwa sababu mwili wake unauona moyo mpya kama mgeni na unataka kuufukuza. Upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu ulifanywa hapa hapa Afrika, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, na Christiaan Barnard. Mgonjwa, Louis Washkansky, aliishi siku 18, akafa kwa nimonia. Moyo ulikuwa unapiga. Kinga ya mwili ndiyo ilikuwa imezimwa kupita kiasi. Ilibidi watu wasubiri miaka ya 1980, ilipokuja siklosporini, ndipo waliopandikizwa wakaanza kuishi miaka mingi. Siku hizi wengi wanatumia takrolimasi. Dawa hizi mbili zinalinda moyo vizuri sana, lakini zinabana mishipa midogo inayoingiza damu kwenye figo. Dawa inayokuweka hai ndiyo hiyo hiyo inayokula figo zako polepole.

Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliochapishwa 2003, uliwafuatilia watu zaidi ya 69,000 waliopandikizwa viungo visivyo figo. Kwa waliopata moyo, takriban 11 katika kila 100 walikuwa na figo zilizofeli kabisa au kwa kiwango kikubwa ndani ya miaka 5. Hao ni watu walioshinda vita vya moyo.

Sasa msikate tamaa, kwa sababu upande wa pili wa habari hii ni mzuri. Figo iliyoumia ghafla baada ya upasuaji mara nyingi hupona, kwa siku au kwa wiki, na kwengine moyo mpya ukianza kusukuma damu sawasawa figo zinapata nguvu kuliko kabla. Mtu kuwekwa kwa mashine ya dayalisisi siku chache haina maana amefika mwisho. Madaktari wanaweza kuchelewesha takrolimasi mwanzoni, kupunguza kipimo chake baadaye, au kuongeza dawa nyingine ili hiyo ipungue. Lakini yote haya yanataka mtu aonekane mapema.

Mapema ni lini? Kreatinini ikipanda kwa 26.5 (maikromoli kwa lita) ndani ya masaa 48, au ikifika mara moja na nusu ya kawaida yake ndani ya siku 7, figo zimeumia. Mkojo pia unasema: mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, yaani vijiko viwili vya mezani, kwa masaa 6 mfululizo, hapo kuna shida. Tazameni neno "kawaida yake". Bila ile nambari aliyotoka nayo hospitali, daktari wa hapa anabahatisha.

Kwa hivyo kamati yoyote nitakayokaa, bajeti itakuwa na mstari wa figo: vipimo vya mwaka mmoja, nauli ya kwenda kuvifanya, na kiwango cha takrolimasi kwenye damu kama ni moyo uliopandikizwa. Na mgonjwa hatoki ng'ambo bila karatasi yenye kreatinini yake. Brufen na diklofenaki, na miti shamba ya kuambiwa na jirani, hapana. Hata dawa ya fangasi au erithromaisini huweza kupandisha takrolimasi mpaka iwe sumu, kwa hivyo duka la dawa liambiwe kwanza. Na kuhusu Ramadhani: aliyepasuliwa moyo amuulize daktari wake kabla ya kufunga. Ruhusa ya mgonjwa iko wazi, hakuna haja ya kujitia ushujaa mbele ya majirani figo zikikauka.

Lakini si kila kitu ni cha kuchangiwa. Tangu 2015 serikali kuu ilikodishia kaunti vifaa vya hospitali, mashine za dayalisisi zikiwemo, na utepe ulikatwa kila mahali. SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 inalipia dayalisisi. Sawa. Lakini mashine ile ni ya mtu ambaye figo zimeshaanguka. Kipimo kinachomzuia asifike pale ni cha bei ndogo sana, na ndicho tunaambiwa kimeisha. Mgonjwa wa Faza anapanda boti kwenda Lamu mjini, anafika, anaambiwa arudi wiki ijayo. Huo si ukosefu wa pesa. Mtu alichagua kununua kinachopigiwa picha.

Bajeti za kaunti zina vikao vya wananchi, na sisi tunajaza viti bila kuuliza. Swali langu kwa kikao kijacho ni moja: mwaka uliopita, maabara ya hospitali yetu ilikaa siku ngapi bila kuweza kupima kreatinini? Nataka nambari, na nataka iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.