Vita Vina Macho

Kila taarifa ya habari inapoonyesha mji uliobomolewa, hakosi mtu wa kusema, "Vita havina macho." Husemwa barazani, husemwa ndani ya daladala, na siku hizi husemwa hata na wasomi waliofundishwa Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949. Kisha huongezwa kwamba sheria za vita ni makaratasi ya wazungu, mwenye nguvu huyachana apendavyo. Naikataa kauli hiyo kwa kuwa ni ya uongo, na uongo wenyewe una watu unaowanufaisha.

Vita vina macho. Kombora hulengwa na mtu. Kamanda hufunguliwa ramani, huonyeshwa hospitali ilipo, ndipo huamua. Silaha isiyo na macho kweli ni bomu la kutegwa ardhini. Hulala chini ya udongo likingoja mguu, uwe wa askari au wa mama aendaye kuteka maji, na hata vita vikiisha lenyewe halina habari. Ndiyo maana likapigwa marufuku. Mkataba wa Ottawa ulitiwa saini Desemba 1997 na kuanza kutumika Machi 1999. Nchi mwanachama hairuhusiwi kulitega, kulitengeneza wala kuliuza bomu hilo. Serikali ina miaka 4 ya kuteketeza akiba iliyo ghalani na miaka 10 ya kusafisha ardhi yake.

Anayeuliza makaratasi hayo yamemfaa nani, na avuke Ruvuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilikwisha mwaka 1992, lakini mabomu yalibaki mashambani, kando ya reli na kuzunguka nguzo za umeme. Kazi ya kuyaondoa ilichukua zaidi ya miaka 20, hadi Septemba 2015 nchi hiyo ilipotangazwa kuwa haina tena eneo lijulikanalo kuwa na mabomu hayo. Na sisi Watanzania tuna mkono wetu katika kazi hiyo. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti. Panya hufungwa kamba kifuani, hutembezwa kipande kwa kipande, na akinusa kitu hukwaruza ardhi kwa kucha. Akipatia hupewa ndizi. Ni mwepesi mno kulipua bomu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kulihangaikia siku nzima, hata siku nne. Panya hao walipelekwa jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji, na leo watu wanalima pale.

Nitaambiwa Marekani, Urusi na China hazimo katika mkataba. Kweli, hazimo. Lakini hata Marekani ilisimamisha kuyauza nje mwaka 1992, na zaidi ya mabomu milioni 50 yameteketezwa maghalani na nchi wanachama. Hapa ndipo wanaodharau sheria hizi wanapokosea zaidi: wanazipima kwa siku ya mapigano tu, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla, kiwandani na ghalani. Bomu lililoteketezwa halina wa kumkata mguu.

Wala wavunjaji wa sheria za vita hawaponi wote. Thomas Lubanga, mbabe wa vita wa Kongo, aliwaingiza jeshini watoto wa Ituri walio chini ya miaka 15. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimtia hatiani, akafungwa miaka 14. Bosco Ntaganda, mbabe mwingine wa vita wa huko huko, alipewa miaka 30. Ni wachache, na inauma kuwa ni wachache. Lakini anayesema vitani hakuna sheria anawaandikia utetezi wale waliobaki nje.

Naandika kwa hofu, kwa sababu dharau hii sasa imeingia katika mabunge ya Ulaya. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland ziliamua kujitoa katika mkataba wa Ottawa kwa kuihofia Urusi. Hofu yao naielewa, ina msingi. Uamuzi wao siuelewi. Mwaka 2023 mabomu ya ardhini na masalia mengine ya vita yaliua na kujeruhi watu zaidi ya 5,700 duniani, na zaidi ya asilimia 80 ya wale waliotambulika walikuwa raia. Mkulima wa Poland hatakuwa na mguu mgumu kuliko wa mkulima wa Msumbiji.

Nchi zote nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni wanachama wa mkataba huu, kuanzia Tanzania hadi Somalia. Zina haki ya kusema kuliko wengi, kwa maana majirani zao, na baadhi ya nchi hizo zenyewe, zimezika watu waliouawa na silaha hii. Mawaziri wetu wa mambo ya nje wasimame katika vikao vya mkataba na kuzitaka nchi zile tano za Ulaya, hadharani na kwa majina, zirudi.