Muuza mimea ya tangi la samaki auze na maelezo

TANGI la kioo lenye samaki wa mapambo huvutia zaidi likiwa na mimea hai. Hata hivyo, hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha. Mteja hununua mmea wenye majani mazuri, lakini baada ya wiki mbili majani hayo yanaoza. Huutupa na kununua mwingine, nao huoza. Mara ya tatu hununua wa plastiki, na muuzaji anakuwa amempoteza mteja.

Hasara hiyo inaepukika. Mimea mingi ya matangi hukuzwa vitaluni majani yakiwa juu ya maji, kwa kuwa huko hukua haraka na haisumbuliwi na mwani. Ikizamishwa, majani hayo hufa na kuchipua mengine yanayofaa kuishi majini. Cryptocoryne, wenye asili ya Asia, unaweza kupukutisha majani yote kwa kuhamishwa tu, ilhali mizizi yake ni mizima. Mvumilivu hula mbivu: asiyeung'oa huuona ukichipua tena.

Anubias, wa Afrika Magharibi, ni mgumu zaidi. Lakini shina lake linalotambaa likifukiwa mchangani, huoza. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha gogo.

Kosa jingine ni kuongeza taa kila mmea unapodhoofu. Mkulima wa mahindi anaelewa kuwa mvua nyingi haizibi pengo la mbolea. Mkemia wa Ujerumani, Justus von Liebig, aliieneza kanuni hiyo katika karne ya 19: kinachopungua zaidi ndicho kinachoamua mavuno. Ndani ya tangi mmea unahitaji mwanga, hewa ya ukaa na virutubisho. Mwanga ukizidi na vingine vikapungua, anayenufaika ni mwani. Kwa tangi jipya, taa iwashwe saa 6 hadi 8 kwa siku, na sehemu ya maji ibadilishwe kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yaondolewe dawa hiyo kwanza.

Wapo watakaosema muuzaji hufaidika mmea unapokufa, kwa kuwa mteja hurudi kununua. Hiyo ni hesabu ya muda mfupi. Mteja aliyefanikiwa hurudi kununua aina nyingine, mbolea na samaki, na huleta jirani yake. Aliyeshindwa mara tatu harudi tena.

Kwa hiyo, kila mmea uuzwe na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili: unapandwaje, unataka mwanga kiasi gani, na majani yakioza mnunuzi afanye nini. Karatasi hiyo ikumbushe pia kwamba mabaki yasitupwe mtoni wala ziwani. Magugumaji yaliyolisumbua Ziwa Victoria yalitoka Amerika Kusini, na yalisambazwa duniani kama mmea wa mapambo.

Gharama ya karatasi ni ndogo. Gharama ya mteja aliyekata tamaa ni kubwa.