Soksi za Safari: Pima Mguu Kabla ya Kununua

Mtu anapojiandaa kwa safari ndefu ya ndege, nyumba nzima hushughulika. Sanduku hupimwa uzito, pasi hutazamwa mara tatu, na koti la baridi huazimwa kwa jirani. Lakini miguu, itakayokaa imekunjwa katika nafasi finyu kwa saa nane au kumi, hakuna anayeiuliza hali. Ndiyo maana abiria wengi, wanapotaka kuteremka mwisho wa safari, huona kwamba viatu walivyovua angani haviingii tena miguuni.

Juma hili, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya soksi za kubana, ambazo siku hizi huuzwa katika maduka mengi ya dawa na hata mikononi mwa wachuuzi. Ni kitu chenye manufaa, mradi kichaguliwe kwa kipimo. Kikichaguliwa kwa macho tu, chaweza kuwa bure, na pengine kikaleta madhara.

Kwanza tuelewe sababu. Damu hushuka miguuni kwa msukumo wa moyo. Kurudi juu hutegemea sana misuli ya kigimbi: kila tupigapo hatua, misuli hiyo hukaza na kuiminya mishipa, na vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa huzuia damu isirudi chini. Tukiketi bila kujinyoosha, pampu hiyo husimama. Majimaji huvuja polepole kutoka mishipani na kuingia katika nyama za mguu, na kifundo huvimba. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida hauna hatari, nao hupungua wenyewe. Hatari ni pale damu iliyotulia inapoganda katika mishipa ya ndani ya mguu. Bonge hilo likikatika na kusafiri mpaka mapafuni, laweza kuua.

Wala si ndege peke yake iletayo jambo hili. Mwaka 1940, wakazi wa London walipokuwa wakikesha katika mahandaki kujikinga na mabomu, wengi waliketi usiku kucha juu ya viti vya kukunja, na madaktari wakaona vifo vya ghafla vilivyotokana na mabonge ya damu mapafuni. Mwaka 1954 daktari John Homans wa Boston, Marekani, alieleza habari za watu walioganda damu miguuni baada ya kuketi muda mrefu: wengine katika ndege, wengine katika motokaa, na mmoja katika jumba la maonyesho. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa 4 au zaidi, mtu akiwa ameketi tu, huongeza hatari hii takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, yapata mtu mmoja kati ya 6,000. Basi asafiriye kutwa nzima kwa gari kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza naye asidhani kwamba habari hii haimhusu.

Soksi ya kubana husaidia vipi? Mhandisi Conrad Jobst, aliyeishi Toledo huko Marekani, alikuwa na maradhi ya mishipa ya miguu, na akatambua kwamba hupata nafuu asimamapo katika bwawa la kuogelea. Maji hubana zaidi chini kuliko juu. Akaiga jambo hilo, na yapata mwaka 1950 akatengeneza soksi zinazobana zaidi kifundoni na kulegea kidogo kidogo kuelekea gotini. Hiyo ndiyo tofauti kati ya soksi hizi na soksi yoyote yenye lastiki kali. Lastiki ibanayo juu tu, chini ya goti, huifunga njia ya damu badala ya kuisukuma.

Manufaa yake yamepimwa. Mapitio ya majaribio yaliyofanywa kwa abiria wa ndege, yaliyotolewa mwaka 2016, yalihesabu abiria 2,637 waliochunguzwa baada ya safari. Waliokutwa na damu iliyoganda bila dalili walikuwa 50: watatu walikuwa wamevaa soksi hizi, na 47 hawakuvaa. Waliovaa walipata uvimbe wa miguu ulio mdogo kuliko wa wenzao.

Sasa tuje dukani. Chukua utepe wa fundi cherehani, na upime asubuhi kabla mguu haujavimba. Pima mzunguko wa kifundo mahali palipo pembamba, kisha kigimbi mahali palipo panene, halafu urefu kutoka sakafuni mpaka chini kidogo ya kunjo la goti. Pima miguu yote miwili, kwani mara nyingi haifanani. Andika vipimo hivyo na uvilinganishe na jedwali lililo kwenye pakiti. Namba ya kiatu peke yake haitoshi: watu wawili wavaao viatu namba 40 waweza kuwa na vigimbi tofauti kabisa.

Pili, tazama nguvu ya kubana. Huandikwa kwa milimita za zebaki, kama ipimwavyo shinikizo la damu hospitalini. Kwa msafiri wa kawaida 15 hadi 20 zatosha. Zaidi ya hapo, ngoja ushauri wa daktari. Pakiti isiyotaja namba yoyote ina soksi za kawaida tu, hata kama bei yake ni kubwa na imechorwa picha ya ndege. Soksi ndefu za nailoni wavaazo akina mama kwa sketi nazo hazina kipimo hicho, ila zikiwa zimetengenezwa maalumu na kuandikwa hivyo. Zile nyeupe wanazovishwa wagonjwa wa kitandani zimekusudiwa mtu aliyelala, si abiria aketiye na kutembea.

Tatu, urefu. Soksi ya kufika chini ya goti yatosha kwa wengi. Ile ya kufika pajani huelekea kuteremka na kujikunja, na mkunjo hukaza kama kamba.

Wanaopaswa kuzifikiria zaidi ni mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, atumiaye vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni, aliyefanyiwa upasuaji siku za karibuni, mgonjwa wa saratani, mtu mnene sana, na yeyote ambaye yeye au nduguye wa damu amepata kuganda damu. Hawa wamwone daktari kabla ya kukata tiketi, kwani baadhi yao watahitaji zaidi ya soksi.

Lakini wapo wasiopaswa kuzivaa bila ruhusa ya daktari: mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, mwenye vidonda, mwenye mishipa iliyoziba hata damu haifiki vizuri vidoleni, na mwenye moyo ulioshindwa kazi. Hapa ndipo watoto wenye upendo hukosea. Baba anakwenda India kutibiwa, nao wanamnunulia soksi kali kuliko zote dukani. Ikiwa miguu yake haina hisia, soksi yaweza kumchubua saa nane mfululizo asijue, na akashuka na kidonda kigumu kupona. Zawadi bora kwake ni kumpeleka kliniki kwanza.

Mahujaji nao wana jambo lao. Mwanamume aliye katika ihramu havai soksi, na wengi huingia katika ihramu wakiwa ndani ya ndege. Mwenye sababu ya maradhi aulize mapema kwa daktari na kwa wanazuoni wake.

Zivae asubuhi ya safari, miguu ikiwa mikavu, bila mafuta. Geuza soksi nje ndani mpaka kisigino, ingiza wayo, kisha ivute juu taratibu. Usiikunje juu hata kama ni ndefu; irekebishe isambae. Ikileta ganzi, maumivu au vidole kubadilika rangi, ivue. Zivae kwanza nyumbani kabla ya siku ya safari. Zifue kwa mkono na sabuni laini, uzianike kivulini, kwa maana jua kali na pasi huua lastiki.

Hata hivyo, kidole kimoja hakivunji chawa. Omba kiti kilicho kando ya ujia, usijaze mizigo mahali pa miguu, na kila baada ya muda inua visigino na vidole kwa zamu. Tembea kidogo inaporuhusiwa. Kunywa maji, na epuka pombe na dawa za usingizi zitakazokufanya ulale umejikunja bila kugeuka.

Mwisho, ukumbuke kwamba hatari haiishii uwanjani. Huendelea kwa muda wa majuma manne hivi baada ya safari. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukiuma kigimbini au ukiwa wa moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usiukande kwa dawa ya kuchua. Ukipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi kwa ghafla au kukohoa damu, usingoje hata saa moja. Mwambie daktari umesafiri lini na kwa muda gani, kwani habari hiyo yaweza kumfikisha upesi kwenye ugonjwa wenyewe.