Kijana, usingoje oveni: ndizi zilizoiva mno na sufuria zatosha

Hebu tazama juu ya kabati lako la vyombo. Kuna ndizi tatu au nne ulizonunua Jumamosi ukiwa umeapa kwamba wiki hii utakula matunda kila asubuhi. Leo ni Alhamisi. Maganda yameingia madoa meusi, na vile vinzi vidogo ambavyo hakuna ajuaye hutoka wapi vimeshapata habari. Kesho utazitia kwenye ndoo ya taka ukielekea stejini. Najua, kwa sababu nami nimezitupa nyingi.

Safari hii usizitupe. Zioke mkate. Na kabla hujaniambia huna oveni, nikwambie mapema kwamba hata mimi sina. Naishi kwenye bedsita mtaani Kahawa West. Nina jiko la makaa, mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao nauheshimu sana mwisho wa mwezi, na sufuria chache. Mkate wa ndizi wenye viungo huiva humo, tena vizuri.

Lakini sikuandikii haya ili kukupa mapishi tu. Nakuandikia kwa sababu naona vijana wengi wa rika letu tumeacha kutembeleana, na mojawapo ya sababu ni aibu ya mkono mtupu. Mkate huu ni dawa ndogo ya aibu hiyo.

Acha nikueleze yaliyonipata. Mwaka jana kibarua changu kiliisha ghafla. Nina shangazi yangu Kayole, aliyenilea miaka miwili nilipokuja Nairobi kusoma. Desturi yetu unaijua: huendi kwa mtu mzima ukining'iniza mikono. Unabeba mkate, sukari, paketi mbili za maziwa, pengine na unga. Hiyo ni mia nne au tano, na nauli juu. Mwezi wa kwanza nikamwambia niko bize. Mwezi wa pili nikamwambia nina mafua. Wa tatu, simu yake ikiita naitazama tu mpaka inyamaze. Miezi mitano ikapita hivyo, nami niko matatu mbili tu kutoka kwake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nami nikaichukua methali hiyo nikajifungia nayo ndani ya nyumba.

Kama hujawahi kufanya hivyo, mshukuru Mungu. Kama umewahi, endelea kusoma.

Aliyenitoa huko ni mama mboga. Jioni moja nilikwenda kununua sukuma ya mbao, nikaona chini ya meza yake katoni ya ndizi zilizoiva mpaka maganda yakawa ya hudhurungi. Nikamuuliza, "Mathe, hizo unazipeleka wapi?"

"Hizo? Kesho ni za ng'ombe," akasema. "Ukizitaka chukua saba kwa mbao."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku hiyo niliinama kwelikweli.

Ndizi ikifika hapo wengi wetu hudhani imeharibika. La. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari, ndiyo maana ile yenye madoa meusi ni tamu kuliko ya manjano safi. Haipendezi kwa picha, lakini kwa mkate ndiyo inayotakiwa: hupondeka kwa uma, huupa mkate unyevu, na hukupunguzia sukari ya kununua. Ikiwa inatoa maji, inanuka pombe au imeota ukungu, hiyo ndiyo ya kutupa. Nyingine zote zina kazi. Ndizi hiyo imekuzwa na mtu Kisii, Meru au Murang'a, ikapanda lori usiku hadi Marikiti, ikasukumwa kwa mkokoteni hadi mtaani kwenu. Kuitupa siku inapofikia utamu wake wote ni kuwakosea watu wengi.

Mkate wangu wa kwanza ulikuwa msiba. Niliweka makaa mengi chini, nikafunika sufuria, nikakaa na simu. Baada ya nusu saa, chini kulikuwa na mkaa na juu kulikuwa na uji. Moshi ukamtoa jirani yangu nyumbani kwake, mama mmoja aliyekulia Mombasa.

"Mwanangu, unaoka ama unachoma?" akaniuliza.

Kisha akanieleza jambo ambalo watu wa Pwani wanalijua tangu zamani. Mkate wa kumimina, ule wa mchele, nazi na iliki, haukungoja oveni ya mtu. Humiminwa kwenye sufuria, ukawekewa makaa machache chini na makaa mengi juu ya kifuniko. Wenyewe huita kupalia. Moto wa juu ndio unaoivisha na kutia rangi; wa chini husaidia tu. Nilijicheka, kwa sababu majuma mawili nilikuwa nikitazama video za watu wa ng'ambo wenye majiko ya kung'aa, kumbe jibu lilikuwa mlango wa pili.

Basi shika kalamu. Ponda ndizi nne. Ongeza mayai mawili, nusu kikombe cha sukari, na theluthi moja ya kikombe cha mafuta ya kupikia, ukoroge. Katika bakuli jingine changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vidogo viwili vya bekingi pauda, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole, kisha viungo: kijiko kidogo cha mdalasini, kijiko kidogo cha iliki iliyotwangwa, nusu kijiko cha tangawizi ya unga, na karafuu mbili zilizosagwa. Mbili tu. Karafuu ikizidi, mkate utanuka kama kliniki ya meno. Ukiwa na zabibu kavu au njugu, tia konzi moja. Halafu mimina yale ya majimaji ndani ya unga.

Hapa ndipo wengi huharibu. Huu si mkate wa hamira unaotaka kukandwa na kuachwa saa nzima uumuke. Bekingi pauda ikikutana na unyevu na joto hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo ndiyo inayouinua mkate. Kwa hivyo koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, kisha acha, hata kama kuna vidonge vidogo. Ukikoroga kama anayesonga ugali, utapata kitu kigumu kama chapati ya juzi. Mimina mara moja kwenye sufuria uliyopaka mafuta na kunyunyizia unga, ijae nusu tu maana mkate utapanda.

Funika, weka makaa machache chini na mengi juu. Usifunue kabla ya nusu saa, hata harufu ikikuita. Baada ya dakika 45 hivi choma katikati kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, epua. Kikitoka na uji, rudisha dakika kumi nyingine. Kwa wenye gesi, tafuta sufuria kubwa kuukuu, weka chumvi au mchanga mkavu ndani yake, tia juu yake sufuria ndogo yenye mkate, funika ile kubwa na uwashe moto mdogo. Mkate hautapata rangi sana juu, lakini utaiva.

Na hili si la mzaha: jiko la makaa halitumiki ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Okea nje, kwenye varanda au uwanja wa ploti. Ukimaliza, usiliingize jiko ndani ulale nalo eti kuna baridi ya Julai.

Sasa pesa. Ndizi zilikuwa mbao, mayai mawili thelathini, unga, sukari na mafuta kama themanini, na viungo vya pakiti ndogondogo vikabaki vya siku nyingine. Nilipoongeza makaa, nilikuwa nimetumia mia mbili na kidogo. Juma hilohilo niliona kwenye mkahawa mmoja mjini kipande cha mkate kama huo kikiuzwa soo tatu na nusu. Kipande kimoja, bana. Wangu ulitoa vipande kumi na viwili.

Wala usidhani huu ni mkate wa watu wenye nafasi zao. Vitabu vya mapishi vya Marekani vilianza kuuchapisha kwa wingi miaka ya 1930, uchumi wa nchi hiyo ukiwa umeanguka na watu hawataki kutupa chochote. Mwaka 2020, korona ilipotufungia majumbani, watu katika nchi nyingi wakaurudia. Mambo yakibana, watu hukumbuka ndizi zilizoiva mno.

Najua kuna msomaji anayesema, "Vijana hawana kazi, na wewe unawaambia waoke mkate?" Pingamizi hilo ni la haki. Mkate wa ndizi hauajiri mtu wala haulipi kodi ya nyumba, na sitaki kiongozi yeyote asome makala haya kisha aje atuambie tujiajiri kwa sufuria. Kazi tuidai, tena kwa sauti. Lakini hata anayedai kazi anahitaji watu wake. Kukosa pesa kunauma. Kujitenga na wale waliokupenda kabla hujashika pesa kunauma zaidi, na hilo la pili angalau tunaweza kulitengeneza sisi wenyewe, bila kungoja serikali.

Kuna na mwingine atakayekwambia uanze kuuza. Siku hizi huwezi kushona hata kifungo bila mtu kukuuliza utafungua akaunti ya biashara lini. Ukitaka kuuza baadaye, sawa, si dhambi. Ila mikate mitano ya kwanza ipeleke kwa watu. Hata picha si lazima uposti.

Mkate wangu wa tatu ndio uliotoka sawasawa. Niliufunga kwa kitambaa safi, nikautia kwenye mkebe, nikapanda matatu hadi Kayole bila kupiga simu, nikiogopa nisije nikabadili nia njiani. Shangazi alifungua mlango, akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuuliza nilikokuwa. Aliuliza, "Umekula?"

Nikampa mkebe kwa mikono miwili. Akaufungua, akanusa iliki, akaniangalia tena. "Umeoa lini na hukuniambia?"

"Sijaoa, shangazi. Nimeoka mwenyewe."

Hakuamini mpaka nilipomweleza habari ya makaa ya juu. Tukaketi, akachemsha chai ya maziwa, tukala vipande vitano sisi wawili. Ndipo nikamwambia ukweli kuhusu kibarua, kuhusu mafua ambayo hayakuwepo, na kuhusu simu nilizoziacha zikiita. Nikamwambia nilikuwa naona haya kuja bila hata sukari. Akatua kikombe.

"Kwani ni nani alikwambia sukari yangu imeisha?" akasema.

Jioni nilipoaga, mkebe haukurudi mtupu. Aliujaza maharagwe, akaufunga kwa kitambaa changu kilekile, akaniambia nisije nikaupoteza kwenye matatu. Sasa najua angenipokea hata bila mkate. Ila bila mkate nisingetoka nyumbani.

Wewe huenda unaye shangazi wako, au rafiki mliyesoma naye, au jirani mzee aliyekuwa akikupa ugali ulipokosa. Huenda naye anatazama simu yake akijiuliza alikukosea nini. Hahitaji mkate kutoka dukani wenye nembo. Pengine hahitaji mkate kabisa. Lakini kama wewe unahitaji kitu cha kushika mkononi ndipo uweze kubisha mlango wake, kitu hicho kiko juu ya kabati lako, na kinaiva.

Kama ndizi zako bado ni za manjano, ziache siku mbili. Wakati unazingojea, fikiria ni nani hujamwona tangu pesa zilipoisha.