Akisimama anaanguka: si pombe, si pepo

Mara ya kwanza baba mkubwa kuanguka msikitini ilikuwa swala ya alfajiri. Alikuwa anainuka kutoka sijida aanze rakaa ya pili, magoti yakalegea, akaenda chini na kumvuta jirani yake wa safu. Alipozinduka muda mfupi baadaye alisema yuko sawa. Wiki iliyofuata akaanguka tena.

Watu wakaanza kunong'ona. Wapo waliosema ana pepo, maana kwa nini aangushwe kwenye ibada? Wengine, waliomwona akitembea kwa kuyumba na kuongea kwa ulimi mzito, walisema mzee kaanza pombe ukubwani. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake.

Baba mkubwa ni fundi cherehani mjini Tanga, sasa ana miaka 61. Ukoo mzima tumevaa nguo za Idi alizoshona yeye. Kabla ya kuanguka huko, mama mkubwa alishaona kwamba mguu wake umekuwa mzito kwenye pedali. Suruali ya siku moja ikawa inachukua siku tatu, na wateja wakaanza kuhamia kwa fundi wa jirani.

Naandika habari hii kwa ruhusa ya wote wawili. Nilipomwomba, baba mkubwa alichukua muda mrefu kulitamka jibu lake: "Andika, mwanangu. Wajue sikulewa."

Anachoumwa ni ugonjwa wa kusinyaa kwa mifumo mingi ya ubongo, ambao madaktari huuita kwa kifupi MSA. Ni ugonjwa adimu. Huwapata watu wazima, wengi wakiwa kwenye miaka ya hamsini, wanaume kwa wanawake. Protini fulani hujikusanya ndani ya seli za ubongo na kuziharibu polepole, hasa katika sehemu zinazoongoza mwendo, usawa wa mwili na zile kazi ambazo mwili hujifanyia wenyewe bila sisi kufikiri: presha, kibofu, choo, jasho na pumzi za usingizini.

Ndiyo maana mgonjwa mmoja anaweza kuwa na matatizo yanayoonekana hayana uhusiano. Kwa baadhi mwili hukakamaa na mwendo hupungua kasi, ndiyo maana wengi huambiwa kwanza wana Parkinson. Tofauti ni kwamba dawa ya Parkinson, levodopa, mara nyingi huwasaidia kidogo tu au kwa muda mfupi. Kwa wengine hutangulia kuyumba, mikono kukosa shabaha na maneno kukokoteka kama ya mlevi. Baba mkubwa ana vyote viwili.

Presha mbili kwa mtu mmoja

Kilichotupotezea muda mrefu kuliko vyote ni presha. Katika zahanati ya kwanza alipimwa akiwa amelala kitandani, ikaonekana iko juu. Akapewa vidonge vya kushusha na kuambiwa aache chumvi. Mama mkubwa akatii kila neno. Akawa anapika mchuzi usio na chumvi hata chembe, na mumewe akawa anaanguka mara tatu kwa siku.

Ilipita karibu miezi minane. Kisha daktari mmoja kijana, katika hospitali nyingine, akafanya jambo dogo. Alimpima amelala, akapata 160 kwa 95. Akamsimamisha, akasubiri dakika tatu huku amemshika, akapima tena: 90 kwa 55. Mama mkubwa anasema alilia palepale, kwa sababu alielewa kwamba ile dawa aliyokuwa akimpa kila asubuhi kwa mkono wake ndiyo iliyokuwa inamwangusha.

Sisi wengine tukisimama, mishipa ya damu hujibana haraka ili damu isikimbilie yote miguuni. Kwa mgonjwa wa MSA amri hiyo haifiki. Damu hushuka, ubongo hukosa damu ya kutosha, macho yanaingia giza, anaanguka. Akilala, presha inaweza kupanda kupita kiasi. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, au ile ya chini kwa 10, daktari anapaswa kujua.

Kwa hiyo kama mzazi wako anaanguka kila akiinuka, omba apimwe amelala na pia amesimama. Ni ombi la kawaida na halina gharama. Lakini usimwachishe dawa wala kumwongezea chumvi kwa uamuzi wako. Kwa baba mkubwa, daktari ndiye aliyefuta vidonge vile, akaruhusu chumvi kwenye chakula na kumwandikia dawa ya kupandisha presha mchana.

Mengine yanafanyika nyumbani. Asubuhi hakurupuki: anakaa ukingoni mwa kitanda, anachezesha vifundo vya miguu, ndipo ainuke. Glasi mbili za maji zikinywewa mfululizo kabla ya kuinuka humpandishia presha kwa muda. Anakula kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu mlo mkubwa huishusha. Haogi maji ya moto. Joto la Tanga nalo ni adui, na jasho lake limepungua, hivyo mchana hukaa kivulini. Miguu ya kitanda upande wa kichwa imewekewa matofali, ili asilale bapa na presha isipande usiku. Na swala anaswali kwenye kiti, safu ya kwanza, mwishoni kabisa. Imamu mwenyewe ndiye aliyemwekea kile kiti, na minong'ono ikapungua.

Yaliyobaki chumbani

Mama mkubwa aliniambia mengine kwa sauti ya chini, tukichambua mchele. Miaka miwili kabla ya kuanguka, mumewe alianza kupiga mateke na kupayuka usingizini, kama anayepigana na mtu. Usiku mmoja alimpiga mkewe ngumi ya jicho, na asubuhi hakukumbuka isipokuwa ndoto ya kukimbizwa. Wakatenganisha vitanda. Wakati huohuo nguvu za kiume zilikuwa zimekwisha, na haja ndogo ikawa inambana ghafla, mara nyingine inatoka kabla hajafika msalani.

"Nilidhani ana mwanamke mwingine," alisema. "Yeye akadhani nimemchoka. Hakuna aliyemuuliza mwenzake."

Baba mkubwa alikwenda kwa wauza dawa za mitishamba kimyakimya, akatumia fedha za vitambaa vya wateja. Mambo yote haya matatu, ndoto za vurugu, nguvu za kiume na kibofu, ni dalili za MSA, na mara nyingi hutangulia miaka kabla ya miguu kulegea. Laiti wangeambiana, na kumwambia daktari, wasingekaa miaka miwili wakilala kila mtu na uchungu wake. Sasa mama mkubwa amefundishwa na nesi kumwekea mpira wa mkojo kwa usafi, kwa sababu kibofu hakimaliziki chenyewe.

Watoto waambiwe nini

Mjukuu wake wa miaka sita alimuuliza mama yake: "Babu amenikasirikia?" Uso wa baba mkubwa umekakamaa. Hata akifurahi hautabasamu. Mara nyingine machozi humtoka bila sababu, na mtoto anaogopa.

Mzazi, mweleze mtoto kwa maneno mafupi: ubongo wa babu unaumwa, uso wake hauwezi kucheka lakini moyoni anacheka, anakusikia na anakuelewa. Mwambie pia kwamba hauambukizi, hivyo anaweza kumkumbatia. Na kwa kawaida haurithiwi katika familia, swali ambalo binamu zangu walikuwa wakijiuliza usiku bila kulisema. Fahamu na kumbukumbu za wagonjwa wengi hubaki kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo msimzungumzie kana kwamba hayupo. Yupo, na anasikia mnavyogombania zamu.

Njia iliyo mbele

Hakuna dawa ya kuponya MSA wala ya kuusimamisha. Wagonjwa wengi huishi kati ya miaka 6 na 10 tangu dalili za kwanza, wengine zaidi. Daktari alituambia hivyo tukiwa tumekaa, na nilishukuru kwamba hakutuzungusha. Mazoezi ya viungo husaidia mwili usikakamae haraka, na mtaalamu wa matamshi humfundisha mgonjwa kumeza na kuongea taratibu.

Kumeza ndilo jambo tunalolilinda zaidi sasa. Chai humpalia, lakini uji mzito unapita. Anakula amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, redio imezimwa, na baada ya kula halali mara moja. Mkimbizeni hospitali akipata homa na kikohozi baada ya kupaliwa, akishindwa kabisa kukojoa, au usiku akianza kuvuta hewa kwa mlio mkali kama mluzi. Mlio huo si kukoroma kwa kawaida. Ni dalili kwamba njia ya hewa inabana.

Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache nchini, na wengi wako hospitali kubwa za mijini. Ukibahatika kumwona mmoja, nenda na maandishi: lini alianza kuanguka, presha amelala na amesimama, choo, mkojo, usingizi. Yote, hata yanayotia aibu.

Na zungumzeni mapema, angali anaweza kusema. Sisi tulikaa mwezi uliopita. Baba mkubwa alitueleza mahali anapotaka kuuguzwa na kama atakubali kulishwa kwa mpira siku kumeza kutakapomshinda. Ilimchukua karibu saa nzima kwa maneno machache, na hakuna aliyemkatiza. Mwisho alimwelekeza binamu yangu kabatini, kwenye kitambaa cha kanzu alichokuwa amekikata kabla mguu haujakataa pedali. Akataka kimaliziwe na yule fundi wa jirani, ila vifungo avichague yeye.

Wiki ijayo safu hii itamtazama anayeuguza: mgongo wake, usingizi wake, na nani wa kumpokea zamu.